Filamu za Kutisha na Mtoto wa Nyumbani

Apitaye katika masoko ya Lubumbashi, iwe ni Kenya, iwe ni Katuba au Ruashi, hakosi kuwakuta wauza filamu. Zamani waliuza kaseti nene nyeusi. Kisha wakauza sahani nyembamba zing'aazo. Siku hizi kijana mwenye mashine yake ndogo humjazia mteja filamu kumi katika simu, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Nyingi katika hizo ni filamu za kutisha. Hii yasimulia mfu amrudiaye mumewe, ile yasimulia nyoka atapikaye fedha, nyingine mama mkwe alaye watu usiku. Hadithi tano, sita, saba hufungwa pamoja kama nguo za mtumba katika robota moja, wala mnunuzi hachagui: huchukua zote.

Tena filamu hizi, tuseme kweli, zimetengenezwa vibaya. Sauti yapotea katikati ya neno. Damu ni rangi, na pembe za shetani zatikisika kichwani kama kofia isiyomwenea mvaaji. Watoto wetu wenyewe huzicheka. Basi mzazi husema moyoni mwake: kitu cha kuchekwa hakina hatari. Sisi twaona sivyo. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba ubovu wa kazi haumkingi mtazamaji, na kwamba alipaye gharama ya filamu hizi mara nyingi ni yule aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Zilikotoka

Mwaka 1992, katika nchi ya Nijeria, mfanyabiashara jina lake Kenneth Nnebue alitoa filamu iitwayo Living in Bondage, yaani Kuishi Kifungoni. Haikupigwa kwa ukanda wa sinema, maana ukanda ule ni ghali mno. Ilipigwa kwa kamera ya video, ikauzwa sokoni kwa kaseti bila kupitia jumba la sinema. Wachezaji walisema Kiigbo. Ni habari za kijana Andy, aliyetamani utajiri hata akamtoa kafara mkewe Merit kwa chama cha siri. Fedha akazipata, lakini marehemu akamtokea tena na tena, asimwache apumzike. Mafundisho yake si mabaya: mali iliyopatikana kwa damu haina furaha.

Kaseti hiyo ilinunuliwa sana, na wengine wakaona njia. Kwa fedha kidogo, nyumba ya kuazima, kamera moja na siku chache za kazi, mtu aliweza kutoa filamu. Zikavuka mipaka. Huko Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiweka sauti yake juu ya sauti za wachezaji. Na mwaka 2003 Mussa Banzi akatengeneza Nsyuka, filamu ya kutisha ya Kitanzania. Huku kwetu Kongo filamu za Nijeria zilifasiriwa hivyo hivyo kwa Lingala, na mara nyingi mfasiri hakutosheka kufasiri. Aliongeza mahubiri yake mwenyewe. Jambo hili la mfasiri ahubiriye tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Tuitazame filamu moja

Ili tusiseme maneno matupu, tuchukue filamu moja ijulikanayo sana. Ilitoka mwaka 1999, nayo yaitwa End of the Wicked, yaani Mwisho wa Waovu. Aliyeiongoza ni Teco Benson. Aliyeiandika ni Helen Ukpabio, mwanamke mhubiri, mwanzilishi wa kanisa lake mwenyewe katika Nijeria, ambaye tena aonekana ndani ya filamu akiwa mhubiri. Sisi tuliitazama yote tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa si haki kuhukumu kitu usichokiona.

Ni habari za jamaa moja yenye nyumba nzuri: baba, mama, watoto, na bibi mzee mamaye baba. Usiku bibi huyo aenda kwenye baraza la walozi, ambapo Beelzebuli, uso wake umepakwa rangi, atoa amri kwa kelele nyingi. Watoto nao waitwa. Mwili wa mtoto umelala kitandani, na picha nyingine ya mtoto yule yule, nyepesi kama moshi, yainuka na kutoka. Ni hila ndogo ya kuweka picha juu ya picha. Watoto walishwa nyama ya watu, watumwa kuwadhuru wazazi wao. Kazi ya baba yaharibika, nyumba yaanguka. Mwishoni mhubiri aomba, mwovu aungama, naye aangamia.

Akiitazama kama fundi, mtu ataona makosa toka picha ya kwanza. Lakini aangalie tena kwa jicho la mzazi. Filamu za Ulaya za namna hii humweka mwovu mbali: katika ngome juu ya mlima, katika makaburi ya zamani, katika nchi ya theluji. Mtoto wa Katuba hajaona ngome. Filamu hii yamweka mwovu sebuleni, penye makochi na mapazia yafananayo na ya jirani yetu. Yamweka katika chumba cha watoto. Huo umaskini wa vyombo, ambao twaucheka, ndio uifanyao ifanane na nyumba yetu.

Mbona huaminika?

Siku za ukoloni Wabelgiji wengi walisema kwamba Mwafrika hawezi kutofautisha picha na ukweli. Kwa ajili hiyo Wakongo walitengewa filamu zao, nyepesi na zilizochujwa, wala hawakuruhusiwa kuona kila kitu alichokiona Mzungu. Neno hilo lilikuwa dharau. Mtazamaji wa Lubumbashi ajua vizuri kwamba damu ile ni rangi. Ajua jina la mchezaji, ajua kwamba yule aliyekufa katika filamu hii ataonekana mzima katika filamu ijayo.

Mama Ukpabio mwenyewe alilitumia jambo hilo kujitetea. Mwaka 2010, alipoulizwa na gazeti moja la Marekani, alijibu kwa hasira akitaja hadithi za Harry Potter: mbona mwandishi Mwingereza akitunga habari za wachawi watu hujua kwamba ni hadithi tu, lakini Mwafrika akitunga huambiwa kwamba anafundisha uchawi? Jibu hili lina nguvu, nasi hatutaki kulipita upesi. Ni kweli kwamba Mwafrika hunyimwa haki ya kutunga.

Lakini tuangalie vizuri. Mwandishi wa Harry Potter hapandi mimbarani siku ya Jumapili kuwaombea watu watoke katika shule ya wachawi. Mama Ukpabio ahubiri ukombozi kutoka kwa walozi, na mwaka ule ule wa 1999 alitoa kitabu juu ya uchawi, kisicho cha hadithi, ambamo alitaja alama za kumtambua mtoto mchanga atumikiaye Shetani. Alama zenyewe ni hizi: mtoto wa chini ya miaka miwili apigaye kelele usiku, aliaye, aliye na homa kila mara, ambaye afya yake yazidi kudhoofu. Enyi mama wa Lubumbashi, mwajua ugonjwa huo bila kufundishwa na mtu. Ni malaria. Au ni minyoo, au ni utapiamlo, au ni meno yaotayo.

Hapa ndipo penye fundo la jambo zima. Mtazamaji haulizwi aamini kwamba damu ile ni damu. Aambiwa hivi: damu hii ni rangi, lakini jambo lenyewe ni kweli. Filamu si hadithi tena. Imekuwa ushuhuda, mfano wa mahubiri. Na mahubiri hayahukumiwi kwa uzuri wa picha. Katekista maskini mwenye picha mbili zilizochakaa aweza kuwafundisha watu mafumbo makuu, kwa sababu wamwamini. Vivyo hivyo filamu mbovu yaweza kufundisha uongo mkuu, ikiwa nyuma yake yuko mtu aaminiwaye, au mfasiri atiaye neno lake kila mara: Mwaona? Ndivyo walivyo watoto wa siku hizi. Kicheko chaisha filamu ikiisha, neno labaki.

Woga wa zamani na woga wa sasa

Tusidhani kwamba woga uliletwa Katanga na kaseti. Wazee wetu, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, waliogopa batumbula. Ilisemwa kwamba hao huwavizia watu barabarani usiku, huwakamata, na kuwanenepesha kama wanyama ili wawe nyama ya Wazungu. Wataalamu walioandika juu ya masimulizi hayo wameonyesha kwamba yalikuwa na maana: watu waliokuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kazini, wakiona miili ya ndugu zao ikichakaa katika migodi, walisema kwa mfano kwamba wanaliwa. Jambo lenyewe halikuwa kweli, lakini uchungu wake ulikuwa wa kweli.

Lakini tazameni tofauti. Mtumbula alikuwa mtu wa nje. Mama alipowasimulia wanawe habari zake, aliwaita waingie ndani, afunge mlango, awakumbatie. Woga ule uliwakusanya jamaa. Woga wa siku hizi wafungua mlango na kumtoa mtoto nje.

Nalo shirika la UNICEF, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 2010 juu ya watoto waitwao walozi katika Afrika, lilionyesha kwamba jambo hili si mila ya mababu. Zamani walioshtakiwa walikuwa hasa wazee, zaidi wanawake. Watoto walianza kushtakiwa kwa wingi katika miji yetu kwenye miaka ya 1990. Kwa nini wakati huo? Sisi wa Katanga twaweza kujibu kwa kumbukumbu. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 na 1993 askari na watu waliipora miji. Gécamines, iliyokuwa baba na mama wa maelfu, yenye posho, shule na hospitali, ikaanguka. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa kupewa fedha za mara moja. Baba aliyekuwa akileta gunia la unga sasa aketi nyumbani. Wazazi wengine walikufa, na watoto wao wakaingia katika nyumba za wajomba wasio na kitu.

Katika nyumba ya namna hiyo, mtu huuliza: nani aliyetuharibia? Filamu ina jibu tayari, nalo ni jibu rahisi. Haisemi juu ya bei ya shaba wala juu ya wakubwa waliokula mali ya kampuni. Yamwonyesha yule mtoto akojoaye kitandani, yule yatima mwenye kula sana, yule mwenye kifafa, yule mwerevu kupita umri wake. Twaona mara nyingi kwamba ashtakiwaye ni mtoto wa marehemu, au mtoto wa mke wa kwanza: kwa maneno mengine, yule ambaye tayari ni mzigo. Mlozi apatikana pale pale palipo na sahani ya ziada mezani.

Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa kitabu juu ya watoto wa barabarani katika Kongo. Ndani yake wamo watoto waliofungiwa katika nyumba za sala, wakanyimwa chakula na maji, wakapigwa hata wakakiri kwamba walikula watu. Mtoto mwenye njaa ya siku tatu hukiri lolote. Na maneno ayakiriyo ayatoa wapi? Huyatoa katika yale aliyoyasikia na kuyaona: kuruka usiku, nyama iliyogawanywa na mwenzake, baraza la mkubwa wao. Amekiri filamu. Kisha mtu mzima asema: mwaona, filamu ilisema kweli.

Sheria na mafundisho

Yafaa kila mzazi ajue kwamba nchi yetu haikunyamaza. Katiba ya tarehe 18 Februari 1996 haikuwako. Ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, iliyotaja kumshtaki mtoto kwa uchawi pamoja na kumtupa na kumtesa, na kuagiza kwamba mambo hayo yaadhibiwe. Sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, yampa amshtakiye mtoto kwa uchawi kifungo cha mwaka mmoja hata mitatu, na faini juu yake. Sheria hiyo haiulizi kama mshtaki ni mjomba, jirani au mhubiri.

Kanisa nalo halifundishi kwamba Shetani hayuko. Yuko, naye ni mwongo toka mwanzo; na ni uongo gani umpendezao kuliko kumfanya mama amwogope mwanawe? Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1172, yakataza mtu yeyote kuwafukuza pepo kwa ibada isipokuwa padre aliyepewa ruhusa wazi na Askofu wake, naye awe mtu wa ibada, elimu, busara na maisha safi. Tena Kanisa laagiza ugonjwa uchunguzwe kwanza. Haya si masharti ya bure. Yamewekwa ili mnyonge asiangukie mikononi mwa mwenye haraka au mwenye kutafuta fedha.

Kuhusu filamu, Mapapa walisema mapema. Papa Pio XI aliandika Vigilanti Cura mwaka 1936. Papa Pio XII aliandika Miranda Prorsus mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kuangalia yaingiayo mlangoni mwao. Hawakusema sinema ni dhambi. Waliiita zawadi yenye kuhitaji ulinzi.

Filamu maskini si lazima iwe mbaya

Hapa tungependa kuwatetea watengenezaji maskini. Katika miaka ya 1950, huko Kasai, Padre Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza filamu fupi za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, kwa vyombo hafifu. Zilikuwa na kasoro zake, maana mara nyingine zilimwona Mkongo kama mtoto wa kufundishwa adabu. Walakini watu walicheka, wala hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu yake.

Hapa Lubumbashi tunalo kundi la Mufwankolo, lililocheza kwa Kiswahili cha mji wetu katika redio na televisheni. Mwaka 1986 walitunga mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu yao mwaka 1990. Mapambo yao yalikuwa machache, hata maneno yao hawakuyaandika kwanza, waliyatunga wakicheza. Lakini walionyesha ubaya pale ulipo: katika ulafi wa mkubwa na uwoga wa mdogo. Basi umaskini wa kamera si kosa. Kosa ni kumtwika mtoto hatia ya ulimwengu.

Wazazi wafanye nini?

Kwanza, msiwaache watoto peke yao na filamu hizi. Zamani bibi aliposimulia habari za zimwi kando ya moto, alikuwapo mwenyewe kujibu, na hadithi ilipokwisha alisema imekwisha. Sahani haijui kusema hivyo. Keteni nao. Waulizeni: nani ametunga hadithi hii? Ataka tufikiri nini? Nani anayeumia mwishoni, naye alikosa nini?

Pili, mtoto akiwa na homa, akilia usiku, akikojoa kitandani, akianguka kifafa, mahali pake ni kwa mganga wa hospitali. Msimpeleke kwa mtu atakayeanza kwa kumtafuta mlozi.

Tatu, mhubiri akidai fedha, au akitaka mtoto alale kwake, afungwe njaa au atiwe kitu machoni, mchukueni mtoto mrudi naye nyumbani. Mungu hauzi ukombozi.

Nne, jumuiya ndogo za Kikristo zisingoje mpaka mtoto yuko barabarani. Mkisikia jina la ulozi limetajwa katika nyumba ya jirani, nendeni mapema, wawili au watatu, mkiwa na unga mkononi kama mnaweza. Mara nyingi unga hunyamazisha ulozi kuliko maneno mengi. Jirani akikataa, iko paroko, iko mahakama ya watoto.

Nyumba za Bakanja za Wasalesiani, hapa hapa Lubumbashi, huwapokea watoto waliokosa makao. Humo wamo watoto wenye kusoma, kucheza mpira na kuosha sahani zao kama watoto wote wa dunia. Mwenye mashaka juu ya mtoto wake na aende kuwatazama mchana kweupe. Bwana wetu, wanafunzi wake walipowazuia watoto, alikasirika, akawaweka watoto mikononi mwake. Hakumwuliza hata mmoja wao alikuwa wapi usiku.